Jina la Chuo: Jinsi Mtanzania Alivyopata Kuchagua Chuo Kikuu

Kuchagua chuo kikuu cha umma ni desturi changa nchini Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya uhuru nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, na kijana aliyefaulu kidato cha sita hakuulizwa angependa kwenda wapi. Aliulizwa angependa kusoma nini, na hata swali hilo mara nyingi lilikuwa limekwisha kujibiwa wizarani. Ndiyo maana sifa zinazotajwa leo vibarazani na shuleni, kwamba sheria ni Mlimani, udaktari ni Muhimbili, kilimo ni Sokoine, utawala ni Mzumbe na usanifu wa majengo ni Ardhi, hazikuletwa na matangazo wala ushindani wa vyuo. Ni kumbukumbu ya maamuzi ya zamani kuhusu kitivo gani kijengwe wapi na kwa haja ipi ya taifa.

Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chochote. Njia ilikuwa moja: Makerere. Chuo hicho cha Kampala kilianza 1922 kikiwa shule ya ufundi, na kufikia 1949 kilikuwa chuo kikuu kishiriki kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Julius Nyerere alisomea ualimu huko kati ya 1943 na 1945. Benjamin Mkapa, aliyetoka shule ya Pugu, alihitimu huko 1962 katika somo la Kiingereza. Waliobahatika kufika Makerere walikuwa wachache mno hivi kwamba jina la chuo hicho peke yake lilikuwa cheo. Miaka mingi baadaye Nyerere alizoea kukumbusha kuwa Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi 2 na madaktari 12 tu miongoni mwa wananchi wa Tanganyika.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kuanza na sheria hakukuwa bahati nasibu. Dola changa ilihitaji mahakimu, waandishi wa sheria na wanasheria wa serikali, na katika Afrika Mashariki yote hapakuwa bado na kitivo cha fani hiyo. Miongoni mwa wale wa kwanza alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kilihama mjini na kupanda kilimani, upande wa Ubungo, na tangu hapo watu wengi hawakiiti kwa jina lake refu. Wanasema Mlimani, basi.

Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa mkuu wake. Gharama za vitivo vya kitaalamu zilikuwa kubwa, hivyo kila chuo kilipewa fungu lake. Makerere ilibaki na udaktari na kilimo. Nairobi ikachukua uhandisi, usanifu wa majengo na tiba ya mifugo. Dar es Salaam ikashika sheria. Kwa miaka 7 iliyofuata, kuchagua fani kulikuwa ni kuchagua nchi. Kijana wa Moshi aliyetaka kuwa mhandisi alivuka mpaka kwenda Nairobi, na Mkenya aliyetaka uwakili alishuka Dar es Salaam. Utaratibu huo ulikuwa na busara ya mhasibu, lakini haukudumu. Kila serikali ilitaka madaktari na wahandisi wake yenyewe, wafundishwe nyumbani kwa idadi iliyopangwa nyumbani. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjwa, na tarehe 1 Julai Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake.

Katika kipindi hicho hicho palitokea kitu ambacho wapangaji hawakukipanga: Dar es Salaam ilipata jina lisilohusiana na mgawanyo wa fani. Mji ulikuwa makao ya harakati za ukombozi za kusini mwa Afrika, Azimio la Arusha la ujamaa lilitangazwa 1967, na kilimani palikusanyika wahadhiri waliotaka kuiandika upya historia ya bara. Terence Ranger aliasisi idara ya historia. Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyotoka 1969. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapo kuanzia 1966, akaondoka, kisha akarudi 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa 1972, na mmoja wa wachapishaji wake wawili alikuwa Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam.

Yoweri Museveni wa Uganda ni mfano mzuri wa nguvu ya jina hilo. Makerere ilikuwa nyumbani kwao, na ndiyo iliyokuwa kongwe na yenye heshima. Yeye aliitaka Dar es Salaam kwa sababu ya siasa yake, akaingia 1967, akaongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi cha USARF. Wanafunzi hao walitoa jarida lao, Cheche, ambamo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa matabaka nchini. Mwaka 1970 umoja na jarida vyote vilipigwa marufuku. Pengine huyu Museveni ndiye mwanafunzi wa mapema anayejulikana sana aliyechagua chuo cha Tanzania kwa sababu ya sifa na maisha yake, si kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Jina la namna nyingine lilikua upande wa lugha. Mwaka 1964 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilianzishwa kikirithi kazi ya kamati ya lugha iliyoundwa 1930, na baada ya kuwa chombo cha chuo kikuu kikatoa kamusi sanifu mwaka 1981. Idara ya Kiswahili iliyofunguliwa 1970 ilifundisha somo hilo kwa Kiswahili chenyewe hadi ngazi ya shahada, jambo ambalo wakati ule wengi hawakuamini kuwa linawezekana. Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Euphrase Kezilahabi walipita hapo kama wanafunzi na baadaye walifundisha. Kwa mtu aliyetaka fasihi ya Kiswahili, swali la chuo gani halikuwapo.

Lakini kwa wengi aliyechagua ni serikali. Elimu ililipiwa na umma, kwa hiyo umma ulijiona una haki ya kusema itumikeje. Nafasi za kila fani zilikadiriwa kwa mahitaji ya watumishi yaliyoandikwa katika mipango ya maendeleo ya miaka 5, na aliyehitimu alipangiwa kazi, hakuitafuta. Mvutano ulilipuka tarehe 22 Oktoba 1966, pale wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka 2, ambapo kwa miezi 18 wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na hapo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Somo waliloondoka nalo lilikuwa wazi: nafasi ya chuo haikuwa mali ya aliyeipata.

Azimio la Musoma la 1974 lilikaza kamba zaidi. Kuanzia hapo mhitimu wa kidato cha sita hakwenda chuoni moja kwa moja. Ilimbidi amalize JKT, afanye kazi walau miaka 2, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la TANU. Nia ilikuwa kuvunja kiburi cha wasomi kwa kuwaonyesha jasho kwanza. Matokeo yake yalikuwa mchanganyiko. Madarasa yalijaa watu wazima waliojua kazi, wenye maswali ambayo kijana wa miaka 19 hana, lakini waombaji wa sayansi walipungua na wanawake wakapungua zaidi, kwani miaka ile ya kusubiri ndiyo iliyokuwa ya kuolewa na kuzaa. Wanawake waliondolewa sharti hilo mapema, na kwa wengine likalegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980.

Chini ya tabaka hilo la sera kulikuwa na chujio jingine, na hili lipo hadi leo. Ni kombi. Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne anapangiwa mchepuo wa masomo matatu: PCB kwa fizikia, kemia na biolojia, PCM kwa wapenda hesabu, EGM, HGL, HKL na nyinginezo. Asiye na PCB hawi daktari. Asiye na PCM hawi mhandisi, au anazunguka sana kabla ya kuwa. Kwa hiyo uchaguzi mkubwa kuliko wote hufanyika mtu akiwa na miaka 16 au 17, mara nyingi kwa kufuata alama za mtihani mmoja na nafasi za shule zilizopo. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoanzishwa kwa sheria ya 1973, baada ya nchi kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki, mtihani huo ukawa wa kitaifa kikamilifu, na pointi zikawa ndizo zinazopanga foleni. Mjadala wa chuo kipi bora huja baadaye sana, kwa wale waliobaki kwenye foleni.

Wakati huo huo chuo kimoja kilikuwa kikizaa vingine bila kusema hivyo. Udaktari ulianza 1963 katika shule iliyokuwa chini ya Wizara ya Afya, pembeni mwa hospitali iliyofunguliwa na Waingereza 1956 kwa jina la Princess Margaret na kubadilishwa kuwa Muhimbili baada ya uhuru. Shule hiyo iligeuzwa kitivo cha chuo kikuu 1968, ikapewa hadhi ya chuo kishiriki 1991, na 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Uhandisi ulifunguliwa Mlimani 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na safari za kwenda Nairobi zikaisha. Kilimo kilipelekwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako palikuwa tayari na chuo cha kilimo tangu 1965; tiba ya mifugo ikafuata 1976.

Kitivo cha Morogoro ndicho kilichokuwa cha kwanza kuondoka nyumbani. Sheria ya 1984 ilikifanya chuo kikuu kamili kuanzia tarehe 1 Julai, na kikaitwa Sokoine, kwa heshima ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo tarehe 12 Aprili mwaka ule. Ndipo, kwa mara ya kwanza, Tanzania ikawa na vyuo vikuu viwili vya umma. Hata hivyo uchaguzi bado ulikuwa wa jina tu, kwa sababu fani hazikugongana: aliyetaka misitu hakuwa na sababu ya kuifikiria Mlimani, wala mwanasheria hakuifikiria Morogoro. Mwaka 1992 chama cha ANC cha Afrika Kusini, kikijiandaa kurudi nyumbani, kilikabidhi kwa Tanzania shule yake ya Mazimbu iliyobeba jina la Solomon Mahlangu. Majengo yake yakawa kampasi ya pili ya Sokoine, na wanafunzi wa leo wanalala na kusoma pale palipokuwa na watoto wa wakimbizi wa ubaguzi wa rangi.

Maisha ya kilimani yalikuwa na sifa yake, na sifa hiyo haikuwa nzuri pande zote. Kwa miongo miwili ya mwanzo mwanafunzi alipewa chumba, kitanda, chakula cha kafteria na fedha ya vitabu. Ukumbi wa Nkrumah ulikuwa mahali pa mihadhara iliyovuta watu hadi wa mjini, na sura yake baadaye iliwekwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Wanafunzi waliandamana tena Machi 1978 kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia yao wakafukuzwa. Upande wa giza ulikuwa Mzee Punch: waandishi wasiojulikana waliobandika kutani usiku michoro na maneno ya kejeli. Mwanzoni kejeli iliwagusa wakubwa wa chuo. Baadaye ikawa silaha dhidi ya wanafunzi wa kike waliokataa kutongozwa. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa hivyo alijiua, na Punch ikapigwa marufuku. Mei mwaka huo huo serikali ilikifunga chuo kwa sababu nyingine, mgomo, na miezi mingi ikapita kabla hakijafunguliwa. Wazazi wengi walianza wakati huo kuuliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa: binti yangu atalala wapi, na atamaliza mwaka gani?

Fedha ndiyo iliyogeuza mambo. Serikali iliyobanwa na uchumi wa miaka ya 1980 ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu wa kuchangia gharama, ikiondoa huduma moja baada ya nyingine katika mgongo wa hazina. Mpishi wa kafteria akabadilishwa na mama lishe na banda la chipsi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na pamoja nayo likaingia neno ambalo kila mwanafunzi analijua: bumu, yaani fedha ya kujikimu inapoingia. Siku ya bumu kampasi hubadilika sura. Wiki kadhaa baadaye hubadilika tena. Mkopo haukuwa msaada tu, ulikuwa pia mkono unaochagua. Kwa kuwapa kipaumbele waombaji wa tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati, Bodi iliwasukuma vijana wengi wa familia maskini kwenye ualimu wa sayansi ambao pengine wasingeufikiria. Mpango wa watumishi wa miaka ya 1960 ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ukiwa na deni juu yake.

Ukuaji ulikuja kwa kasi baada ya 1990. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikawapa nafasi watu wenye kazi na familia, walimu hasa, wasioweza kuacha vyote kwa miaka 3. Mzumbe, iliyoanza 1953 ikiwa shule ya watumishi wa serikali za mitaa na kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo 1972, ilipandishwa kuwa chuo kikuu 2001. Samia Suluhu Hassan alihitimu stashahada ya juu ya utawala hapo 1986. Mtu angeweza kusoma historia ya elimu ya juu nchini kwa kuwafuata marais tu: Nyerere na Mkapa Makerere, Jakaya Kikwete na John Magufuli Mlimani, Samia Mzumbe. Ardhi, jirani wa Mlimani, ilianza 1956 kwa kufundisha wapima ardhi na ikawa chuo kikuu 2007. Zanzibar ilipata Chuo Kikuu cha Taifa kwa sheria ya 1999, na kupitia taasisi ya lugha kiliyoimeza kinaendelea kuwavuta wageni wanaotaka kujifunza Kiswahili pwani kwenyewe. Mwaka 2005 Mlimani ilipata vyuo vishiriki viwili vya ualimu, Chang'ombe jijini na Mkwawa mjini Iringa, vyote vikirithi majengo ya shule zilizokuwapo.

Hakuna kilichobadilisha hesabu za mwanafunzi kama Dodoma. Chuo kikuu cha huko kilifunguliwa 2007, kikianzia katika majengo ya Chimwaga yaliyokuwa ya chama tawala, CCM, na kikakusudiwa tangu mwanzo kubeba wanafunzi 40,000. Kilijengwa vilimani nje ya mji, ndaki moja mbali na nyingine, kila moja na hosteli zake. Hapo ndipo maisha ya kampasi yalipokuwa hoja ya kweli katika uchaguzi. Mlimani wakati huo ilikuwa imefurika. Vyumba vilivyojengwa kwa watu wachache vilijaa, na palizoeleka kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza rafiki asiyekuwa nacho, huku wasiopata hata hilo wakipanga vyumba Msewe, Changanyikeni na Sinza au kupanda daladala kila siku kutoka hosteli ya Mabibo. Dodoma ilikuwa na kitanda. Upepo wake mkavu na umbali wake kutoka pwani vilikuwa mzaha wa kila siku, lakini kwa mzazi wa mkoani kitanda cha uhakika kilikuwa na uzito kuliko ukongwe wa maktaba. Mlimani ilijibu Aprili 2017 kwa kufungua hosteli mpya zilizopewa jina la Rais Magufuli, zenye nafasi 3,840, na mwaka uliofuata kwa maktaba iliyojengwa na China yenye uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000.

Ukubwa wa Dodoma ulikuwa na gharama yake. Mei 2016 serikali iliwarudisha nyumbani ghafla wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliokuwa wakisoma huko. Tukio hilo liliwakumbusha wengi kuwa chuo cha umma, hata kikiwa kikubwa namna gani, husimama kwa uamuzi wa serikali.

Namna ya kuomba nafasi ilifuata mkondo wake wenyewe. Zamani maombi yalikwenda chuoni kwa karatasi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Mlimani ilikuwa hata na mtihani wake wa kuingilia juu ya matokeo ya kidato cha sita. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliundwa na sheria ya 2005, na mwaka 2010 ikaanzisha udahili wa pamoja: mwombaji alijaza fani na vyuo avipendavyo kwa mpangilio, na kompyuta ikampangia kulingana na pointi. Utaratibu huo ulikuwa na haki ya aina yake, kwa kuwa mtoto wa Kigoma na wa Masaki walisimama mbele ya mashine moja. Lakini ulizaa pia wanafunzi waliojikuta katika fani ambayo waliiandika ya tano ili tu kujaza nafasi. Mwaka 2017 ukafutwa, na tangu hapo mtu huomba moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka. Anayepata vyuo viwili au zaidi hulazimika kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, na vingine vikaachwa kwa walio nyuma yake. Kiwango cha chini ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ingawa kwa udaktari wa Muhimbili pointi hizo ni mwanzo wa mazungumzo tu. Ni katika siku hizo za kuthibitisha, kila mwaka, ndipo kuchagua chuo hutendeka kwa maana yake kamili: majina mawili kwenye simu, na moja la kufuta.

Kupima jina la chuo nako kumebadilika. Orodha za Webometrics, zilizoanza kutolewa Hispania 2004, hupima zaidi uwepo wa chuo mtandaoni kuliko ufundishaji wake, lakini kila zinapotoka hutumika katika majigambo. Kipimo kikali zaidi kilikuja kutoka ndani. Wahitimu wa sheria wa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi, hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanza 2008. Mwaka 2022 matokeo ya wanafunzi 633 yalitoka: 26 walifaulu moja kwa moja, 342 wakapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilijadili chuo gani kinafundisha sheria ipasavyo, na ukongwe wa kitivo kilichoanzia Mtaa wa Lumumba haukutosha peke yake kuwa jibu.

Ramani yenyewe sasa inachorwa upya. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2021 dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ambao sehemu yake ni kupeleka kampasi katika mikoa ambayo haikuwahi kuwa na chuo kikuu cha umma. Kwa mpango huo Muhimbili inakwenda Kigoma, Ardhi inakwenda Sengerema mkoani Mwanza, Mzumbe inakwenda Tanga, Dodoma inakwenda Njombe, na Mlimani inashuka kilimani kwenda Kagera na Lindi.